Kishikwambi Kisicho na Nidhamu

Habari hii nimeiandika kuisifu serikali yetu. Atakayecheka popote ndani yake atakuwa amecheka kwa hiari yake, mimi simo.

Nchi yetu kwa sasa haina jina. Lile la zamani lilionekana limechakaa, likastaafishwa kwa gwaride na mizinga, na jipya bado liko kwenye kamati. Wageni wakituuliza tunatoka wapi tunajibu "kwetu", na wakizidi kuuliza tunawaambia wasubiri tangazo. Lakini hata bila jina, maendeleo tunayo, na yana wizara yake kabisa: Wizara ya Maendeleo Yanayoonekana. Waziri wake, Mheshimiwa Dokta Mshangama, ni mtu wa vitendo. Udaktari wake alitunukiwa na chuo alichokizindua yeye mwenyewe, siku hiyo hiyo, kabla utepe haujafika chini.

Basi Dokta Mshangama alitangaza redioni kwamba enzi ya karatasi imekwisha. Kuanzia muhula mpya kila mwalimu angefundisha kwa kishikwambi, yaani kile kibao cha kioo kinachoendeshwa kwa kupapaswa na vidole. Mwalimu atakayeshindwa kukitumia angepumzishwa kwa heshima. Kwetu, kupumzishwa kwa heshima ni kufukuzwa kazi huku unapigwa picha. Malori yakapita shule hadi shule kukusanya vitabu, vikapelekwa kiwandani kutengenezwa trei za mayai. Mayai yetu yalikuwa yakivunjika mno, na serikali ilikuwa imesikia kilio cha kuku.

Lori lilipofika Sekondari ya Mbugani lilimkuta Mwalimu Tamasha Kilua mlangoni mwa chumba chake cha vitabu, mikono kifuani. Mwalimu Tamasha alipofuka utotoni kwa surua. Alikuwa akifundisha historia, na wanafunzi walimwogopa kuliko walivyowaogopa walimu wenye macho, kwa sababu alimjua kila mmoja kwa namna anavyokokota kiti. Vitabu vyake vilikuwa vya nukta nundu, vikubwa kama mito ya kulalia. Alivikusanya maisha yake yote, kimoja kimoja, kwa kuomba, kunakili na kugombana.

"Hivi si vya kuchukua," alimwambia ofisa wa lori. "Ndivyo ninavyofundishia."

Ofisa akafungua kimoja, akakigeuza juu chini. "Mama, hivi havina maandishi. Ni karatasi tupu zenye vipele."

"Hivyo vipele ndiyo maandishi. Weka kidole."

Ofisa hakuweka kidole. Alimwita mwenzake. "Njoo uone bahati! Karatasi nene, halafu tayari ina vinundu. Yai likikaa hapa halitikisiki."

Wakavipakia vyote. Wiki ile mumewe, Bwana Sudi, fundi cherehani, alirudi kutoka sokoni na trei ya mayai. Mwalimu alipoipokea, vidole vyake vikasimama chini ya trei. Kiwanda chetu husaga kwa haraka kuliko kwa makini.

"Nini?" Sudi aliuliza.

"Vita vya watu wa mlimani," alisema Mwalimu Tamasha. "Ukurasa wa mwisho. Mfalme anakimbia, ameacha viatu." Akaiweka trei mezani taratibu, akaenda kukaa uani, na siku ile mayai hayakupikwa.

*

Sasa msidhani serikali iliwasahau wasioona. Iliunda Kamati ya Taifa ya Kuchagua Kishikwambi cha Wasioona, yenye wajumbe kumi na tano, wote wenye macho mazima, waliopimwa. Mwenyekiti alikuwa Bwana Kapilimba, mkurugenzi wizarani, mtu mwenye sauti nene na shingo inayolingana nayo. Kamati ilikaa ghorofa ya juu kabisa ya hoteli yenye lifti mbovu, ikala vizuri, na mwishowe mtu mmoja akakumbuka kwamba picha za kikao hazina kipofu hata mmoja. Ndipo Mwalimu Tamasha alipoitwa.

Alipanda ngazi zote kwa fimbo yake. Alipofika juu, alipigiwa makofi kwa kufika.

"Ndugu wajumbe," alisema Bwana Kapilimba, "katika historia ya macho, na hata ya kutokuwa na macho, hatujawahi kushuhudia siku kama ya leo. Tunavyo vishikwambi vitatu. Cha kwanza ni Fahari. Tazameni! Kioo chake kinang'aa kuliko vyote barani. Sisi wataalamu tumejiuliza: mtu asiyeona anahitaji nini? Anahitaji mwanga zaidi! Mwalimu, unakionaje?"

"Sikioni," alisema Mwalimu Tamasha. "Nipeni nikishike."

Minong'ono ikazuka. Hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba angetaka kushika. Vishikwambi vilikuwa ndani ya kabati la vioo, na ufunguo wa kabati alikuwa nao katibu aliyekwenda kuoga. Wakamsubiri akauke.

Fahari ilipofika mikononi mwake ilikuwa laini pande zote kama sabuni iliyotumika. Haikuwa na kitufe.

"Kinawashwaje kisome kwa sauti?"

"Rahisi sana," alisema mtaalamu mmoja. "Kuna kijipicha cha sikio, chekundu, pale juu kwenye kona. Unakiangalia, halafu unakigusa."

"Ninakiangalia kwa nini?"

Mtaalamu akaomba muda wa kushauriana.

Cha pili kilikuwa kinasema, ila kilikisoma Kiswahili kama mgeni aliyekwamwa na mwiba wa samaki kooni. Mwalimu aliomba kiandikiwe "mama anapika ugali", nacho kikatamka jambo ambalo mjumbe mmoja mcha Mungu aliomba lisiandikwe kwenye kumbukumbu.

Cha tatu kililetwa mwisho, kama mtoto asiye na viatu. Kilikuwa kinene, cheusi, kina kingo ngumu, na ubavuni kina vitufe viwili vinavyosikika chini ya kidole. Mwalimu alivibana vyote pamoja.

"Karibu," kilisema, Kiswahili safi kama cha mtu wa nyumba ya pili. "Papasa kioo, nitakuambia kilicho chini ya kidole chako. Ukitaka kukifungua, gusa mara mbili."

Mwalimu Tamasha akapapasa. Saa. Barua. Redio. Magazeti. Akagusa mara mbili, na kishikwambi kikaanza kumsomea gazeti la siku ile.

Mpaka siku hiyo, Mwalimu Tamasha hakuwahi kujisomea gazeti. Alisomewa: na mumewe, na wanafunzi, na walimu wenzake, kila mmoja akiruka alichotaka kuruka. Mwalimu mkuu aliruka siasa. Sudi aliruka vifo. Sasa alivuta kidole taratibu, na habari zikaja moja baada ya nyingine, hata bei ya vitunguu, hata tangazo la mbuzi aliyepotea. Wajumbe waliokuwa karibu walisema midomo yake ilikuwa ikitetemeka. Bwana Kapilimba alidhani ni njaa, akaagiza aletewe sambusa.

"Ukurasa wa pili," kilisema kishikwambi kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. "Wizara yapokea vishikwambi elfu arobaini aina ya Fahari kutoka kampuni ya shemeji wa Waziri. Kamati ya kuchagua kishikwambi yaendelea kuchagua."

Sambusa ilisimama njiani.

"Bwana Mwenyekiti," Mwalimu aliuliza, "kumbe vimeshanunuliwa?"

"Vimepokelewa," alisema Bwana Kapilimba. "Kupokea na kununua ni mambo mawili. Na kuchagua ni la tatu." Akanyanyuka. "Ndugu wajumbe, mmejionea wenyewe. Hiki cha tatu kimepewa gazeti kikasoma gazeti lote! Hakikuuliza kisome wapi, kiache wapi. Leo gazeti, kesho nyaraka za wizara. Hiki ni kishikwambi kisicho na nidhamu. Naagiza kikatupwe."

"Nitakitupa mimi," alisema Mwalimu Tamasha. "Jalala liko njiani kwetu."

Bwana Kapilimba aliguswa sana na uzalendo ule. Akamshika mkono, akamsaidia hata kukitia kwenye mkoba.

*

Jalala halikukiona. Mwalimu alikaa nacho uani mwake, akasoma. Alisoma hadithi za mapenzi ambazo hakuna mwanafunzi angethubutu kumsomea. Kisha akagundua kwamba ukikiinua juu ya karatasi kinaipiga picha na kuisoma, akaanza kusoma nyumba nzima: barua za shangazi yake zilizokuwa zimelala kabatini, mifuko ya unga, kalenda ya msikiti, maboksi ya nyuzi.

"Siku hizi nina mume mwenza," Sudi alilalamika. "Ana umbo la kigae."

"Lete dawa zako za presha," alisema mkewe.

Kishikwambi kikasoma karatasi ya dawa. "Usitumie pamoja na kileo cha aina yoyote."

"Hicho kitu kinasoma vibaya," alisema Sudi.

Wakati wakicheka, gari la wizara likasimama mlangoni. Bwana Kapilimba aliingia na habari njema. Kamati ilikuwa imechagua Fahari kwa kauli moja. Dokta Mshangama mwenyewe alikuwa amekitia sauti ili kiwafae wasioona, na kingezinduliwa uwanjani mbele ya Rais. Mwalimu Tamasha ndiye angekionyesha.

"Wewe ni kubonyeza tu," alisema Bwana Kapilimba. "Popote. Mafundi wamekirahisisha. Ukigusa hapa kinasema, ukigusa pale kinasema. Halafu Waziri atakuuliza kama kinafaa, nawe utasema kinafaa. Baada ya hapo unarudi darasani, na cheo cha Balozi wa Vishikwambi juu yake."

"Na nikisema hakifai?"

Bwana Kapilimba akacheka kwa upole. "Utapumzika, Mwalimu. Umefundisha sana."

Alipoondoka, Sudi aliacha cherehani. "Mke wangu, nenda, bonyeza, tabasamu, rudi. Kwani umeambiwa uue mtu? Wewe bila darasa nakujua. Utaanza kunifundisha mimi."

"Kuna watoto wasioona nchi nzima watagawiwa kile kioo," alisema Mwalimu Tamasha. "Watakaa nacho kama wamekalia jiwe. Wakilalamika wataambiwa, mbona Mwalimu Tamasha alisema kinafaa? Na yeye ni kipofu kama nyinyi."

Sudi akachukua gauni la mkewe la sherehe, akaanza kulikaza vifungo.

*

Siku ya uzinduzi uwanja ulijaa. Wasioona waliletwa kwa mabasi kutoka kila mkoa na kuketishwa jukwaa lenye mandhari bora. Mimi nilikuwa jukwaa la juani, chini ya spika, kwa hiyo niliyoyasikia niliyasikia vizuri.

Dokta Mshangama alihutubia mpaka bendera zikalala. "Leo," alisema, "giza limesalimu amri! Mwandishi wa historia atakapoandika, ataandika kwamba kulikuwa na Mungu aliyeumba jicho, na kulikuwa na Mshangama aliyerekebisha!" Akamkabidhi Mwalimu Tamasha kishikwambi cha Fahari, kilichofungwa utepe, na kumsogezea kipaza sauti.

Mwalimu akagusa kioo. Sauti ya Waziri ikanguruma: "Mpendwa mwananchi usiyeona, hongera kwa kuona mbali!"

Makofi. Akagusa kona ya pili. "Mpendwa mwananchi usiyeona, hongera kwa kuona mbali!" Akagusa chini, akagusa katikati, akagusa hata mgongoni. Hongera zikamiminika.

"Sasa waambie wananchi, Mwalimu," alisema Waziri, mkono begani mwake. "Kinafaa au hakifai?"

Mwalimu Tamasha alivuta pumzi, na kipaza sauti kikaivuta pamoja naye.

"Hakifai, Mheshimiwa. Nimekigusa kila mahali, kinasema neno moja. Kasuku wa jirani yangu ana maneno zaidi, na hakuagizwa nje."

Sudi, aliyekuwa amesimama nyuma ya jukwaa, aliniambia baadaye kwamba alianza papo hapo kuhesabu ni magauni ya nani amebakiza kushona.

"Mwalimu wetu ana utani sana!" Waziri alipiga kelele. "Haya, tumkaribishe Mheshimiwa Rais atuhutubie!"

Hapa inabidi niseme jambo ambalo nchi nzima tulilijua na hakuna aliyelisema. Rais wetu, Mzee, alikuwa haoni. Macho yalimwisha pole pole, kwa miaka minane, na kadiri yalivyokwisha ndivyo wasaidizi wake walivyoongezeka. Hotuba alisomewa akazikariri. Sheria alielekezwa kidole mahali pa kutia saini. Alipowahi kumpa mkono mlingoti wa bendera na kuuliza habari za nyumbani, magazeti yalisifu unyenyekevu wake.

Siku ile hotuba ilikuwa imebadilishwa asubuhi, maana Dokta Mshangama alitaka sifa zake ziongezwe, na katika harakati zile hakuna aliyekumbuka kumsomea Mzee. Akafika kwenye kipaza sauti na karatasi mkononi asiyojua ina nini. Akasimama. Tukasubiri. Kisha akainama upande wa Mwalimu Tamasha na kunong'ona. Kipaza sauti kilikuwa kati yao, kwa hiyo alitunong'oneza wote.

"Mwalimu, umesema hicho hakifai. Kuna kinachofaa?"

"Kipo, Mheshimiwa."

"Kinasoma karatasi?"

"Kinasoma chochote kilichoandikwa."

"Unacho?"

"Niliagizwa nikakitupe," alisema Mwalimu Tamasha, akifungua mkoba. "Sijapata nafasi."

Mzee akamkabidhi karatasi. Mwalimu akaitandaza juu ya meza, akainua kishikwambi juu yake. Dokta Mshangama aliruka kama aliyeng'atwa na siafu, lakini kishikwambi kilikuwa kimeshaanza, kwa sauti ile ile tulivu, na uwanja mzima ukasikia.

"Hotuba ya Rais. Ndugu wananchi, nimefurahi sana. Mabano, hapa Rais atabasamu. Nchi yetu ina bahati ya kuwa na Dokta Mshangama. Mabano, makofi, Rais asiendelee mpaka yaishe. Bila yeye, mimi ni nani? Mabano, Rais atikise kichwa, ikiwezekana machozi. Angalizo kwa wapiga picha: Mzee haoni, msimpige picha akishuka ngazi. Angalizo kwa msaidizi: zile sheria tatu za shemeji zimo chini ya hotuba, Mzee atasaini akidhani ni kadi za pongezi."

Kikamaliza. Watu elfu na elfu tulikaa tukitazama viatu vyetu, kwa sababu neno lililokuwa limefichwa miaka minane lilikuwa limesemwa na kigae.

Ndipo sauti ya mzee mmoja ikatoka jukwaa la wasioona, nene na ya furaha. "Kumbe ni mwenzetu! Karibu, Mzee! Jamani, tusogee, mpisheni akae!"

Jukwaa lile likaanza kucheka, na kicheko kikazunguka uwanja kama moto wa nyasi. Nilimwangalia Mzee. Uso wake ulikuwa umesinyaa kama wa mtu aliyevuliwa nguo. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na akacheka, pasipo mabano yoyote, mpaka akashika meza.

"Asante, ndugu yangu," alisema alipopata pumzi. "Nimechoka kusimama peke yangu." Akanyoosha mkono hewani. "Mwalimu, hicho kitu nipe."

*

Mambo yakaenda mbio, kama yanavyokwenda kwetu yakishaamuliwa na mtu mmoja. Dokta Mshangama hakufukuzwa, maana serikali yetu ina huruma. Alihamishiwa ubalozini katika nchi isiyo na umeme. Kamati ya Bwana Kapilimba ilikutana upya, ikagundua kwamba tangu mwanzo ilikuwa imekipendelea kile cha tatu, ikajipongeza. Vishikwambi vyenye sauti vikagawiwa shule zote za wasioona, na Mwalimu Tamasha alipata chake kipya, akarudi darasani, ambako kwa mara ya kwanza alisahihisha insha za wanafunzi bila kusomewa na wanafunzi hao hao. Maksi za Kidato cha Tatu zilishuka sana.

Alikwenda Ikulu mara kadhaa kumfundisha Mzee. Mzee alikuwa mwanafunzi mgumu, mwenye vidole vizito, lakini akishakamata haachi. Akaanza kujisomea kila kilichoingia: magazeti, ripoti, malalamiko. Mawaziri waliingia kwenye kikao wakitembea kwa ncha za vidole. Wengine wakaanza kuleta ripoti zao kwa michoro, baada ya kusikia kwamba kishikwambi hakisomi michoro.

Jumamosi moja simu ya Mwalimu Tamasha ililia. Alikuwa uani na Sudi, wanakunywa uji.

"Mwalimu," ilisema sauti ya Mzee, imechoka. "Hiki kitu tangu nimeamka hakijanyamaza. Hospitali ya mkoa haina dawa. Lile daraja nililolizindua halina upande wa pili, Mwalimu, na mimi nilikata utepe nikapiga makofi. Sasa kinanisomea barua ya mama mmoja aliyevunjiwa nyumba kwa amri yenye saini yangu. Chai imenishinda. Nikuulize: hakina mahali pa kugusa kikanyamaza?"

Kutoka ndani ya simu Mwalimu Tamasha alisikia, kwa mbali, ile sauti tulivu ikiendelea kutaja majina ya watoto wa yule mama.

"Hakina, Mheshimiwa."

"Hakina kabisa?"

"Ndivyo kilivyotengenezwa. Ukishakianzisha, umekianzisha."

Mzee akashusha pumzi ndefu. "Haya. Basi acha niisikilize mpaka mwisho," alisema, na simu ikakatika.

Sudi aliweka bakuli chini. "Mbona chako unakigusa kwa vidole vitatu kinanyamaza?"

"Na chake pia."

"Tamasha! Umemdanganya Rais?"

"Nimemdanganya," alisema Mwalimu, akipapasa meza kutafuta sukari. "Miaka minane wamemdanganya ili asisikie. Mimi nimemdanganya mara moja tu, ili asikie."